Kutoka kaburi la Nyali hadi kilima cha Rabai

Msomaji mpendwa, siku utakapofika Mombasa, iwe ni likizo ya Desemba au safari ya shule, nakusihi usikimbilie ufuoni mara moja. Bahari utaikuta. Tenga siku moja tu, wewe na jamaa yako au wewe na wanafunzi wenzako, mfuate njia nitakayowaonyesha. Inaanzia kaburini, inapita penye kengele, kisha inapanda mpaka kilimani. Haihitaji gari la watalii. Matatu na miguu yako vinatosha.

Utaniuliza, mbona likizo ianzie kaburini? Ni kwa sababu hakuna jamaa katika nchi hii ambayo haijaketi matangani. Na sijahudhuria matanga ya Wakristo ambayo yalikosa mtu wa kusimama, akakohoa kidogo, akamwambia mfiwa kwamba yote ni mpango wa Mungu. Husemwa kwa nia njema. Lakini je, umewahi kumtazama usoni mama aliyeambiwa maneno hayo huku jeneza la mwanawe lingali mbele yake? Swali lililo katika uso ule ndilo ninalotaka twende nalo Nyali na Rabai, kwa maana huko wamelala watu waliolijua vizuri kutushinda.

Haya, tuondoke. Kutoka katikati ya mji panda matatu ya Kongowea, vuka daraja la Nyali, kisha chukua tuktuk umwambie dereva akupeleke kwenye mnara wa Krapf. Kama hajui, na vijana wengi siku hizi hawajui, mwambie ni ule mnara wa ukumbusho ulio karibu na maji, ng'ambo ya Mji wa Kale. Ukifika simama kidogo. Mbele yako ni ule mkono wa bahari ambao mashua na majahazi yameupita kwa karne nyingi, na ng'ambo yake ni nyumba za Mombasa ya zamani. Hapo ulipo pana kaburi la mama mmoja na kitoto chake kichanga.

Mama huyo aliitwa Rosine Krapf. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, alizaliwa mwaka wa 1810 huko Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani, na alitumwa Afrika na shirika la wamishenari wa Kianglikana ambalo babu zetu walilijua kwa herufi zake tatu tu, CMS. Kwanza alikwenda Ethiopia, mwaka wa 1837. Aliishi huko miaka kadhaa, kisha akafungiwa milango. Mwaka wa 1843, walipokuwa wakijaribu kurudi huko kupitia pwani ya Bahari ya Shamu, Rosine alishikwa na uchungu njiani, nyikani, kabla ya wakati wake. Mtoto hakuishi. Walimpa jina la Eneba, neno la Kiamhari ambalo maana yake ni chozi.

Ethiopia ikawakataa kabisa. Ndipo Krapf alipoamua kushuka kusini. Walifika Unguja Januari 1844, Seyyid Said akampa barua ya kumjulisha kwa maliwali wake, na mwezi wa Mei mume na mke wakawa wamehamia Mombasa. Rosine alikuwa mjamzito tena.

Mwezi wa Julai alijifungua mtoto wa kike. Homa ikamshika, na mumewe naye akalala homa iyo hiyo katika nyumba iyo hiyo, asiweze hata kumuuguza. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine akafariki. Siku chache baadaye kitoto nacho kikafuata. Miezi miwili tangu wahamie! Wakawazika huku bara, kando ya njia, mahali ambapo wapita njia wangeliona kaburi.

Krapf, akiwa bado mgonjwa, aliwaandikia wakubwa wake London barua ambayo imehubiriwa makanisani mara nyingi. Aliwaambia kwamba sasa wana kaburi lao katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba hiyo ndiyo dalili ya kuwa wameanza vita na sehemu hii ya dunia. Kwake yeye, Kanisa hushinda kwa kukanyaga juu ya makaburi ya watu wake wenyewe.

Nikwambie ukweli, msomaji wangu, kila ninapoikumbuka barua hiyo nafsi yangu hugawanyika. Upande mmoja nasikia askari akihesabu maiti. Rosine hakuulizwa kama alitaka kuwa jiwe la msingi, sembuse kile kitoto. Upande wa pili nakumbuka kwamba mtu huyu hakuwa anazungumza juu ya msiba wa jirani. Kitanda kilichobaki kitupu kilikuwa chake. Anayesema "Mungu ana kusudi" akiwa ameketi juu ya jamvi la msiba wake mwenyewe hasemi jambo moja na yule anayekuja kulisema kwako, kisha anywe chai yako na kwenda zake.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi wa wanaopiga picha hapo hawalijui. Tarehe 8 Juni 1844, yaani wiki tano tu kabla ya kifo hicho, Krapf alianza kutafsiri Biblia kwa Kiswahili, na kitabu alichoanza nacho ni Mwanzo. Aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, mwanachuoni wa Kiislamu. Krapf hakuwa na maneno mazuri juu ya Uislamu. Ukisoma alichoandika utaona alivyowadharau Waswahili na Wamijikenda pia, mara awaite walevi, mara awaite wakaidi. Ila ujuzi wa lugha aliupata kwa hao hao aliowadharau. Sura tatu za kwanza za kazi hiyo zilichapishwa Marekani mwaka wa 1847, sarufi yake ikatoka Tübingen mwaka wa 1850, na kamusi yake kubwa ikachapishwa London mwaka wa 1882, yeye mwenyewe akiwa keshafariki. Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla yake, na tenzi zake zilikuwa zikiimbwa Pate na Lamu, kwa hivyo asije mtu akakwambia kwamba Krapf ndiye aliyetupa lugha ya kuandika. Hata hivyo, ule mkondo wa sarufi na kamusi kwa herufi hizi unazozisoma sasa ulianzia katika chumba cha mgonjwa, Mombasa, kati ya Mkristo mkaidi na kadhi mvumilivu.

Na katika kitabu cha Mwanzo, unajua ni nani yumo? Yusufu. Ndugu zake walimtumbukiza shimoni, wakamuuza, akafungwa gerezani Misri kwa uongo wa mke wa mtu. Mwishoni, ndugu hao walipomjia wakitetemeka, aliwaambia kwamba wao walimkusudia mabaya ila Mungu aliyageuza yakawa ya kuokoa watu wengi. Wahubiri hulipenda sana jambo hilo. Ninachowaomba wakumbuke ni kwamba aliyelisema ni Yusufu, yule aliyetumbukizwa. Hebu fikiria kama lingesemwa na ndugu zake! Kama Yuda angemwambia, "Usijali, Yusufu, tulipokuuza ulikuwa mpango wa Mungu." Tungemwona ni mtu asiye na haya. Yusufu mwenyewe hakusema kwamba shimo lilikuwa zuri. Aliliita baya kwa jina lake.

Shika hilo, twende Kengeleni.

Kila mtu aliyewahi kupanda matatu za Kisauni amesikia makanga akiita "Kengeleni!" Ni wachache wanaojiuliza ni kengele gani. Ni kengele ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Mwingereza Sir Bartle Frere alikuwa amekuja mwaka wa 1873 kumshurutisha Sultani wa Unguja afunge biashara hiyo, na makao yakaitwa kwa jina lake. Wazee husimulia kwamba kengele ilipigwa kuwaonya wakazi pale wafanyabiashara wa watumwa walipoonekana wakija. Hapo hapo Frere Town ndipo ilipoanzia shule ya kuwafundisha wachungaji iliyohamia Limuru mwaka wa 1930, na ambayo leo ni Chuo Kikuu cha St Paul's. Wanafunzi mnaosoma huko, basi chimbuko la chuo chenu ni penye kengele hii.

Lakini usidhani kwamba ndani ya uzio wa Frere Town kulikuwa peponi. Watu waliotolewa minyororo baharini walijikuta chini ya msimamizi Mzungu aliyewachapa viboko vikali na kuwafunga, mpaka malalamiko yakafika mbali, uchunguzi ukafanywa mwaka wa 1881 na akaondolewa. Viboko, katika makao ya wakombolewa, chini ya msalaba! Nalitaja jambo hili kwa kuwa tukizungumza juu ya makusudi ya Mungu hupenda kuruka kurasa za namna hii. Tunataka watakatifu watupu. Hapa Kengeleni watakatifu na wakatili walikula ugali wa chungu kimoja, na mara nyingine walikuwa mtu yule yule.

Kutoka hapo rudi mjini, upande gari la kwenda Mazeras kwa barabara kuu ya Nairobi. Utapita Changamwe, utapita Miritini ambako treni ya kisasa imekuwa ikishusha abiria tangu mwaka wa 2017, na barabara itaanza kupanda kidogo kidogo. Mazeras utashuka. Kula kwanza. Mahamri na mbaazi vya asubuhi vikikosekana, hukosi muhogo wa kukaanga. Halafu chukua gari au bodaboda kwa barabara ya Kaloleni. Minazi itaanza kukusindikiza pande zote mbili, na hewa itabadilika. Umefika Rabai, kaunti ya Kilifi.

Kabla sijakupeleka kanisani, tazama ile misitu minene iliyobaki vilimani. Hizo ni kaya za Warabai, na mwaka wa 2008 kaya za Mijikenda ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Usiingie humo bila idhini ya wazee. Mungu aliombwa hapa muda mrefu kabla Mzungu hajafika na punda wake, na wazee wa Rabai ndio waliompa ruhusa ya kujenga. Hilo nalo husahaulika.

Alifika Agosti 1846 pamoja na mwenzake mpya, Johannes Rebmann, Mjerumani pia, aliyetua Mombasa mwezi Juni mwaka huo. Wote wawili walikuwa na homa, na punda walikuwa naye mmoja. Walijenga nyumba. Kanisa lao la kwanza sasa ni makumbusho, na humo utaona picha na vitabu vya mambo ninayokueleza. Ukiwa na watoto, wape muda. Maswali yao ni bora kuliko ya watu wazima.

Sasa tuhesabu mavuno ya wanaume hao. Mwaka wa 1849 aliletwa kijana mmoja, Wagner, wa kuwasaidia. Alikufa kwa homa muda mfupi baada ya kufika. Mwaka wa 1851 akaletwa mwingine, Pfefferle, naye akafa vivyo hivyo. Krapf na Rebmann wenyewe wakakosana. Krapf alitaka kupanga vituo vya misheni kama shanga kutoka bahari hii mpaka bahari ya magharibi, avuke Afrika yote, na kila mara macho yake yalikuwa njiani. Rebmann alitaka wakae mahali pamoja, walime, wafundishe, wasubiri. Walikuwa wachamungu wote wawili na hawakuweza kukubaliana. Mtu aliyewahi kukaa katika kamati ya kanisa hatashangaa.

Wajerumani hao walisifika Ulaya kwa jambo ambalo halikuwa limewaleta. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro, na tarehe 3 Desemba 1849 Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Ukambani. Wataalamu waliokuwa wameketi London wakawacheka, theluji gani kwenye ikweta! Ilichukua miaka kabla ya kicheko hicho kuzimika.

Na waumini? Waliobatizwa katika miaka ile ya mwanzo alikuwa mmoja. Jina lake Mringe, kiwete, mtu ambaye hakuna mpango wa mtu yeyote uliomtegemea. Alibatizwa mwaka wa 1851 akiwa mgonjwa mahututi, na akafariki. Fikiria hilo, msomaji. Miaka saba tangu kaburi la Nyali, na zao lote la kazi ni kilema mmoja, naye amekufa. Krapf alikuwa akiota bara zima. Mringe huenda hakuwahi kuvuka hata mto.

Mwaka huo huo wa 1851 ndio uliomvunja Krapf. Alirudi Ukambani kuanzisha kituo, akasafiri kuelekea mto Tana pamoja na Kivoi, mfanyabiashara na mkuu mashuhuri wa Wakamba aliyekuwa rafiki yake. Njiani wakavamiwa na majambazi. Kivoi akauawa. Krapf akabaki peke yake porini, bila chakula, akitembea usiku na kujificha mchana. Alipoufikia mto hakuwa na chombo cha kubebea maji. Alijaza mkoba wa ngozi wa darubini yake, na mitutu ya bunduki pia akaijaza maji, kisha akaiziba kwa nyasi. Hebu tuliza akili juu ya picha hiyo. Mtume wa shanga za misheni, mwenye ramani ya bara zima kichwani, akinywa maji kwenye mtutu wa bunduki. Aliponusurika akakuta jamaa za Kivoi wakimlaumu kwa kifo cha mkuu wao. Akatoroka tena usiku. Mwaka wa 1853 afya ilimshinda, akarudi Ulaya. Shanga zake hazikutungwa.

Wapo wanaosema kwamba reli iliyopita Mazeras miaka ya 1890, na serikali ya Waingereza, ndizo zilizotimiza ndoto ya Krapf, na kwamba Mungu alikusudia hivyo. Mimi hilo silikubali. Ukiruhusu kila kilichotokea kiitwe kusudi la Mungu kwa kuwa tu kilitokea, basi na viboko vya Frere Town utavibariki, na mashamba yaliyonyang'anywa utayabariki. Yusufu hakufanya hesabu za namna hiyo.

Rebmann alibaki. Huyu ndiye anayenigusa zaidi, labda kwa sababu mahubiri yanamtaja kidogo. Mtoto wake alikufa akiwa mchanga. Mkewe, Emma, akafa mwaka wa 1866. Macho yakaanza kufifia. Aliendelea kukusanya maneno ya Kinyika, ya Kiswahili na ya Kinyanja, daftari juu ya daftari. Miaka 29 hakurudi kwao Ujerumani hata mara moja. Bartle Frere alipopita mwaka wa 1873 alikuta mzee anayepapasa, pamoja na waumini wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka wa 1875 aliondoka akiwa kipofu, akiongozwa na kijana wa hapa hapa Rabai, Isaac Nyondo, aliyesafiri naye mpaka Ujerumani. Alikufa Korntal tarehe 4 Oktoba 1876. Mtu huyu aliyeiona theluji ya Kilimanjaro kabla ya Mzungu mwingine yeyote alitoka Rabai bila kuiona Rabai, ameshikwa mkono.

Kama Rebmann aliona kusudi lolote katika miaka hiyo yote, hakuliona kwa macho. Mtu akiniuliza imani ni nini, sitamtajia milima. Nitamtajia yale madaftari yaliyojazwa na mtu ambaye mwanga ulikuwa ukimtoka.

Haya, toka ndani ya makumbusho usimame uwanjani, maana sehemu ya maana zaidi ya Rabai haikuandikwa na Wajerumani. Mwaka wa 1864 walifika hapa Waafrika waliokuwa wamekamatwa utotoni wakauzwa, manowari za Kiingereza zikawaokoa, wakalelewa na kusomeshwa India. Watu wa pwani waliwaita Wabombei. Miongoni mwao alikuwa William Jones. Wazungu walimwona kama msaidizi tu. Lakini yeye alijua jambo ambalo Krapf na Rebmann, pamoja na machozi yao yote, hawakulijua, nalo ni kuuzwa.

Kuanzia miaka ya 1870 watumwa walianza kutoroka mashamba ya pwani na kukimbilia vilima hivi. Watoro, ndivyo walivyoitwa. Wakubwa wa misheni waliogopa. Mabwana walitisha kuja kuchoma kila kitu, serikali ya Sultani ililalamika, na amri ikatolewa kwamba watoro wasipokelewe. Hebu jiulize ungefanya nini wewe. Jones aliwapokea. Wengine aliwapa mahali pa kujenga, wengine aliwafundisha, na wengine hakuuliza wametoka wapi. Ilipoundwa kampuni ya Waingereza ya kutawala pwani, mwaka wa 1888, maofisa wake waligundua kwa mshangao kwamba Rabai na vituo vingine vya misheni vimejaa watoro, mamia kwa mamia. Ili kuepusha vita, meneja wa kampuni, George Mackenzie, aliafikiana na mabwana, na mwanzoni mwa mwaka wa 1889 watu zaidi ya elfu moja walipewa karatasi za uhuru.

Ndio, palikuwa na shangwe. Lakini waliolipwa fidia, dola 25 kwa kila kichwa, walikuwa mabwana. Watumwa hawakupewa senti ya miaka waliyofanyishwa kazi. Sitaki usome mwaka wa 1889 kama mwisho wa hadithi nzuri.

Na Jones mwenyewe hakuepushwa na giza. Mwaka wa 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi, na miezi michache baadaye wakafunga safari pamoja kwenda Uganda. Hannington akamwacha Jones njiani na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia, na mwishoni mwa Oktoba akauawa Busoga pamoja na wapagazi wake wengi. Jones alingoja mpaka habari zikathibitika, kisha akawarudisha watu waliobaki, safari ya mamia ya maili, wamechoka na wana njaa. Walipoingia Rabai hapa mwanzoni mwa 1886 walikuwa wamebeba bendera, na juu yake Jones alikuwa ameandika neno moja, Ikabodi. Msomaji wa Biblia atalikumbuka kutoka kitabu cha Samweli. Ni jina la mtoto aliyezaliwa siku ambayo sanduku la agano lilitekwa, na maana yake ni kwamba utukufu umeondoka.

Hakuandika "ni mpango wa Mungu". Angeweza, yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kusema hivyo, na wanawake walikuwa wamesimama hapa kilimani wakingojea kuona ni waume gani waliorudi na ni wepi hawakurudi. Aliwaletea neno la msiba, neno la kweli, lililomo ndani ya Maandiko yale yale. Kisha akarudi kazini, na watoro walipokuja kubisha aliendelea kuwafungulia.

Ndiyo maana nasema, ukitaka kujua namna ya kumfariji mfiwa, Rabai ina somo zuri kuliko vitabu vingi. Krapf alilipa kaburi lake maana, akalipa peke yake. Rebmann alinyamaza akaendelea kuandika. Jones alilia mbele ya watu wote. Sijui ni yupi aliyemwamini Mungu zaidi, na nadhani si kazi yangu kupima. Ninachojua ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyetumia imani yake kumnyamazisha mwenye uchungu mwingine, na hata Krapf, aliyekuwa na maneno makali ya kila namna, alimrudia Mola wake kwa namna ya unyenyekevu. Inasimuliwa kwamba mwezi Novemba 1881 alikutwa amefariki huko Korntal, amepiga magoti kando ya kitanda.

Ukipata nafasi ya kufika Jumapili, ingia ibadani katika kanisa kubwa la Mtakatifu Paulo. Ni ibada ya kawaida ya Kianglikana ya Pwani, yenye kwaya na matangazo marefu. Miongoni mwa wanaoimba wamo wajukuu na vitukuu wa watoro, wa Wabombei, na wa wazee waliowapa wageni ardhi. Hawatakwambia wenyewe usipouliza. Ukiuliza kwa adabu, ukaanza na "shikamoo" na kukaa chini badala ya kusimama na kamera, huenda ukapewa dafu na habari za jamaa ambazo makumbusho hayana.

Kabla ya kuondoka tembea kidogo hadi ukingo wa kilima, upande wa mashariki. Siku isiyo na ukungu utaiona Mombasa kule chini, na nyuma yake mstari wa bahari. Krapf na Rebmann waliuona mstari huo kila asubuhi, kwa hivyo walijua daima upande lilipo kaburi la Nyali.

Magari ya kurudi Mazeras hupungua jioni, kwa hivyo usikawie kupita saa kumi na moja. Beba maji, valia viatu vya kutembelea, na uwe na fedha ndogo ndogo kwa ajili ya madafu. Wauzaji wa Rabai hawapendi kuvunja noti kubwa.